Klabu ikifilisika, nani hasa anakufa? Kisa cha Bury na maswali ya pointi hasi

Mwishoni mwa Oktoba 2025, waliofungua msimamo wa Championship, daraja la pili England, walikuta Sheffield Wednesday iko mkiani na pointi hasi. Haikuwa imefungwa mabao mengi siku hiyo. Ilikuwa imepokwa pointi 12 kwa sababu imewekwa chini ya wasimamizi wa ufilisi. Miezi michache kabla yake Morecambe, klabu ndogo ya mji wa pwani kaskazini-magharibi mwa England, ilisimamishwa kwenye ligi yake kwa sababu ya fedha hadi wamiliki wapya walipoichukua mwezi Agosti.

Maswali ya vijiweni na ya kwenye magrupu ya WhatsApp yakawa yale yale. Timu imefilisika halafu Jumamosi inaingia uwanjani, kivipi? Anayedaiwa ni klabu au tajiri wake? Ligi yenye mabilioni inashindwaje kuiokoa timu moja ndogo? Nimeona majibu mengi ya haraka, na mengi yanachanganya mambo manne tofauti yanayoitwa kwa jina moja. Njia nyepesi ya kuyatenganisha ni kufuata klabu moja iliyopita hatua hizo hadi mwisho, nayo ni Bury. Tarehe 27 Agosti 2019 iliondolewa kwenye ligi iliyokuwa ikicheza tangu 1894.

Kwanza tukubaliane kuhusu maneno. Klabu nyingi za kulipwa za England ni kampuni zenye hisa, na kisheria zinaendeshwa kama kampuni nyingine yoyote. Kampuni hufilisika pale inaposhindwa kulipa madeni yake kwa wakati. Hiyo ni hali tu, kama homa, na bado si kifo. Kutoka hapo kuna njia kadhaa. Ya kwanza ni makubaliano na wadai: wanaodai wanapiga kura, na wenye asilimia 75 ya thamani ya madeni wakikubali kulipwa sehemu tu ya haki yao, wadai wote wasio na rehani wanafungwa na uamuzi huo. Ya pili ni kuwekwa chini ya msimamizi, mtaalamu anayechukua uendeshaji kutoka kwa mmiliki ili atafute mnunuzi, huku wadai wakizuiwa kuivamia mali. Huko ndiko ilikoingia Sheffield Wednesday, ndiyo maana iliendelea kucheza. Ya tatu ni kuvunjwa kabisa: mahakama inaagiza mali iuzwe, kinachopatikana kigawanywe, kampuni ifutwe. Macclesfield Town iliishia hapo Septemba 2020, kwa madeni ya zaidi kidogo ya nusu milioni ya pauni.

Jambo la nne si la mahakama hata kidogo. Ni uanachama wa ligi. Ligi ni chama cha klabu chenye kanuni zake, na inaweza kumwondoa mwanachama hata kama kampuni yake bado ipo kwenye daftari la serikali. Bury haikuvunjwa na mahakama. Ilifukuzwa ligi. Ukikosa kuliona hilo, kisa chote kinakuwa giza.

Sasa tuje kwenye chanzo. Hapa ndipo watu wengi hupotea, kwa sababu wanatafuta mwizi kabla ya kuangalia hesabu.

Mchukue mama ntilie anayeuza chakula cha shilingi 100,000 kwa siku. Wapishi na wahudumu wake wanamla 90,000. Mchele, mkaa, mafuta na kodi ya banda ni 40,000. Kila jioni amepungukiwa 30,000, na kila jioni mjomba wake wa mjini anamtumia 30,000 kwa simu. Ukipita pale saa saba mchana utaona foleni, utaona sahani zinajaa, utasema biashara hii imesimama. Imesimama kwa mguu wa mjomba. Siku simu ya mjomba ikizimwa, foleni itakuwa ndefu vilevile na banda litafungwa ndani ya wiki chache.

Klabu nyingi za madaraja ya chini England zinaishi hivyo. Mapato yake ni viingilio vya mlangoni, wadhamini wa mtaani, mauzo ya mchezaji mmoja mmoja, na mgao wa televisheni ambao kwa klabu ya daraja la tatu ni mdogo mno ukilinganisha na wa juu. Klabu 20 za Ligi Kuu kwa msimu wa 2018/19 ziliingiza kwa pamoja zaidi ya pauni bilioni 5. Chini huko, mishahara ya wachezaji peke yake humeza sehemu kubwa ya mapato, na pengo huzibwa na mfadhili. Sisi tunamjua mfadhili. Tumewaona wakija na magari na wakiondoka bila kuaga. Mwezi uleule Bury ilipofukuzwa, Agosti 2019, SportPesa ilisitisha udhamini wake Kenya baada ya mvutano kuhusu leseni, na Gor Mahia na AFC Leopards zikabaki zinahangaikia mishahara. Mazingira tofauti, ugonjwa mmoja: mguu wa kuazima.

Bury ni mji ulio kaskazini mwa Manchester. Klabu yake iliundwa 1885, na mwaka huohuo ikaanza kucheza kwenye uwanja wa Gigg Lane. Ilitwaa Kombe la FA mara mbili, 1900 kwa kuifunga Southampton 4-0 na 1903 kwa kuifunga Derby County 6-0, ushindi mkubwa kuliko wote katika fainali ya kombe hilo, rekodi iliyokuja kufikiwa na Manchester City dhidi ya Watford mwaka 2019. Mashabiki wa Manchester United wanaifahamu familia ya Neville: mama yao Gary na Phil alikuwa katibu wa klabu hii kwa miaka mingi, na jukwaa moja la Gigg Lane lilipewa jina la baba yao. Kwa hiyo hatuzungumzii timu iliyoibuka jana.

Mwaka 2013 ilichukuliwa na Stewart Day, mfanyabiashara wa majengo, hasa hosteli za wanafunzi. Chini yake klabu ilianza kuishi juu ya uwezo wake. Ilihamia kufanya mazoezi Carrington, kituo kilichowahi kuwa cha Manchester City. Mwaka 2017 ikamsajili Jermaine Beckford, mshambuliaji aliyewahi kucheza Ligi Kuu. Msimu ule ilimaliza mkiani mwa League One, daraja la tatu, ikashuka. Klabu ya mji mdogo, yenye watazamaji elfu chache kwa mechi, ilikuwa inalipa kama kubwa.

Wengi huuliza: hakukuwa na sheria? Ilikuwepo. EFL, chombo kinachoendesha madaraja matatu yaliyo chini ya Ligi Kuu, ilikuwa na kanuni kwamba klabu ya League One isitumie zaidi ya asilimia 60 ya mapato yake kwa mishahara ya wachezaji. Kwa kuisikia tu, kanuni nzuri. Tatizo lilikuwa katika kipi kinahesabiwa kuwa mapato. Fedha ambazo mmiliki aliingiza kama zawadi au kwa kununua hisa zilihesabiwa pia. Maana yake ni kwamba ile 30,000 ya mjomba iliandikwa kwenye daftari kama chakula kilichouzwa. Kadiri mmiliki alivyotoa zaidi, ndivyo klabu ilivyoruhusiwa kusaini mishahara mikubwa zaidi. Na mkataba wa mchezaji ni wa miaka miwili au mitatu, ilhali hakuna mkataba wowote unaomlazimisha mmiliki aendelee kutoa kwa muda huo. Kwa maoni yangu huu ndio moyo wa kisa chote. Tathmini huru ya wakili Jonathan Taylor, iliyoagizwa na EFL yenyewe baadaye, iligusa udhaifu huohuo: klabu iliegemea fedha za mmiliki, na kanuni zikaruhusu.

Biashara za Day za hosteli ziliyumba. Fedha za klabu zikakauka. Uwanja wa Gigg Lane ulikuwa tayari umewekwa rehani kwa mkopo wa takriban pauni milioni 3.7. Desemba 2018 akaiuza klabu kwa Steve Dale kwa pauni moja.

Hapa kuna dhana ya kwanza ya kuondoa. Watu husikia pauni moja na kusema, hata mimi ningenunua. Bei ya pauni moja haina maana kwamba kitu ni rahisi. Ina maana kwamba madeni yamekula thamani yote, na anayenunua anabeba mzigo. Ungelipa pauni moja asubuhi, na mchana ungekutana na mamlaka ya mapato, mkopeshaji mwenye rehani, na wachezaji wanaosubiri mishahara. Ndiyo maana swali la maana kwa mnunuzi wa namna hii si ameinunua kwa bei gani. Ni ana kiasi gani mkononi cha kuiendesha kesho. Na hilo ndilo ambalo EFL haikulipata jibu. Kanuni za wakati ule zilimtaka mmiliki mpya aonyeshe fedha zinatoka wapi, lakini ziliruhusu mauzo yakamilike kwanza na ushahidi ufuate. Dale akawa mmiliki. Ushahidi ulioiridhisha ligi haukuja. Miezi minane baadaye, katika mahojiano ya BBC, alisema mwenyewe kwamba hakuwa anajua kama kuna timu ya mpira inaitwa Bury.

Dhana ya pili ni kwamba timu hufa kwa kufungwa. Tarehe 30 Aprili 2019 Bury ilitoka sare ya 1-1 na Tranmere na kupanda daraja kurudi League One. Wachezaji waliokuwa uwanjani walikuwa wanadai malimbikizo ya mishahara. Fikiria hali hiyo kwa dakika moja: kijana anakimbia dakika 90 akijua kodi ya nyumba haijalipwa, anashangilia kupanda daraja, kisha anarudi nyumbani kuuliza kama mshahara wa Aprili umeingia. Kocha wao, Ryan Lowe, aliondoka Juni kwenda Plymouth na baadhi ya wachezaji wakamfuata. Timu iliyopanda ikavunjika kabla ya kuonja daraja lililopandiwa. Na kupanda huko hakukuwa kumeondoa deni hata senti moja, kwa sababu mgao wa msimu mpya haulipi mishahara ya msimu uliopita pamoja na rehani na kodi kwa mpigo.

Mamlaka ya mapato ilikuwa tayari imefungua shauri la kutaka kampuni ivunjwe. Kulikwepa, klabu ikaenda kwenye ile njia ya kwanza, makubaliano na wadai. Tarehe 18 Julai 2019 wadai walipiga kura na kuyapitisha, na mwisho wa mwezi huo shauri la kuivunja likatupwa. Ligi nayo ikaipoka pointi 12 za msimu mpya kabla mpira haujapigwa, kama inavyofanya kwa kila klabu inayoingia kwenye taratibu za ufilisi. Adhabu hiyo huonekana ya kikatili kwa mashabiki, na kweli wao ndio wanaoibeba bila kosa. Sababu yake inaeleweka lakini. Klabu inayojifutia madeni inapata nafuu ambayo jirani yake aliyelipa kodi kwa uaminifu hana, na bila adhabu kila mmoja angetumia kupita uwezo, ashinde, kisha afute.

Makubaliano yenyewe yalisema nini? Wadai wa soka walipwe chote. Wadai wengine wa kawaida, mamlaka ya mapato ikiwemo, walipwe robo: senti 25 kwa kila pauni. Hapa tutue, maana huu ni upande ambao hauzungumzwi kabisa vijiweni.

Wadai wa soka ni wachezaji, klabu nyingine zinazodai fedha za usajili, na ligi zenyewe. Kanuni ya EFL inasema klabu haiwezi kubaki mwanachama bila kuwalipa hao kikamilifu. Turudi kwa mama ntilie: mpishi mkuu analipwa hadi shilingi ya mwisho, na muuza mchele aliyemkopesha magunia kwa kumwamini anapewa robo ya deni na kuambiwa ashukuru. Mamlaka ya mapato ya Uingereza iliipinga kanuni hii Mahakama Kuu ikashindwa mwaka 2012. Utetezi wa ligi una uzito: usajili hulipwa kwa awamu, na klabu moja ikikwepa deni la mchezaji, klabu nyingine ndogo iliyotegemea awamu hiyo inaanguka pia, na nyingine nyuma yake. Lakini gharama ya kuzuia mporomoko huo inalipwa na fundi bomba, mwenye duka la nyama, kampuni ya mabasi, watu wa mji uleule ambao klabu inasema ni ya kwao. Mimi naona hapa pana dhuluma, hata kama ni ya kisheria. Tangu Desemba 2020 sheria imewasogeza watoza kodi mbele kidogo kwenye foleni kwa baadhi ya kodi. Wenye maduka wamebaki palepale nyuma.

Kwa hiyo anayeniambia wachezaji ndio hupoteza zaidi timu inapofilisika, namjibu nusu ndiyo. Mshahara unaochelewa miezi mitatu unavunja nyumba, hilo ni kweli kabisa kwa wachezaji wa madaraja ya chini ambao hawana akiba ya kina Salah. Ila kwenye karatasi ya madeni wako mbele. Wafanyakazi wa ofisini, wa tiketi, wa kukata nyasi, hawana ulinzi wa namna hiyo wala hawana klabu nyingine itakayowasajili mwezi Januari.

Turudi Agosti 2019. Makubaliano yamepita, deni limepunguzwa, kwa nini basi klabu haikuanza msimu? Kwa sababu kupunguza deni la jana si sawa na kuwa na fedha za kesho. EFL ilitaka ithibitishiwe kwamba yale yaliyokubaliwa yatalipwa kweli na kwamba mishahara ya msimu mzima ipo. Haikuthibitishiwa. Mechi ya kwanza dhidi ya MK Dons tarehe 3 Agosti ikaahirishwa. Ikafuata nyingine na nyingine. Kombe la Ligi liliwapanga na Sheffield Wednesday, hiyohiyo tuliyoanza nayo, ambayo ikapita raundi bila kucheza. Kila mechi iliyoahirishwa ilikuwa inaondoa mapato ya mlangoni ambayo klabu ilikuwa inayahitaji ili ithibitishe kwamba ina fedha.

Siku za mwisho alijitokeza mnunuzi, kampuni ya C&N Sporting Risk, na ligi ikaongeza muda hadi saa 11 jioni ya Jumanne tarehe 27. Kwenye Gigg Lane mkurugenzi wa zamani wa klabu alijifunga pingu kwenye bomba la maji ya mvua nje ya ofisi. Siku hiyo ya mwisho mamia ya watu walifika na ndoo, mifagio na brashi baada ya klabu kuomba wa kujitolea. Walisugua viti, wakaokota takataka, wakang'oa magugu, kwa sababu Jumamosi kulikuwa na mechi na Doncaster nyumbani na uwanja haukuwa umesafishwa. Walikuwa wanaandaa mechi ambayo hakuna aliyewahakikishia kwamba itachezwa. Alasiri hiyo, kabla ya saa 11, C&N ilitangaza kujiondoa. Kukaribia saa 5 usiku ligi ikatangaza kwamba uanachama wa Bury umefutwa. Jirani yao Bolton Wanderers, waliokuwa kwenye kitanzi hichohicho, walipewa siku 14, na kesho yake wakapata mnunuzi. League One ikachezwa msimu ule na timu 23. Tangu Maidstone United mwaka 1992, hapakuwa na klabu iliyotoka kwenye ligi hizo kwa namna hiyo.

Je, ligi ingeweza kuwalipia? Swali hili linarudi kila mara, na jibu linahitaji kutenganisha mifuko. EFL ni chama cha klabu zenyewe, fedha zake ni za klabu nyingine 71 zilizobaki, ambazo nyingi nazo zinapumua kwa shida. Kuilipia Bury kungekuwa kuitoza Accrington au Rochdale kwa mishahara ambayo wao waliikataa kwa kujua uwezo wao. Ligi Kuu ni kampuni nyingine kabisa. Inapeleka mgao chini kila mwaka, lakini haikuwa na wajibu wa kuokoa klabu iliyo nje yake. Ukiniuliza kama mgawanyo huo wa fedha kati ya juu na chini ni wa haki, nitasema hapana, na pengo hilo ndilo linalowasukuma matajiri wa chini kubahatisha ili wapande. Ila hata ukiongeza mgao mara mbili, bila kanuni ya kile kinachohesabiwa kuwa mapato, ungeongezea tu mishahara.

Linabaki swali la uwanja, ambalo kwangu ndilo linaumiza zaidi. Shabiki wa kawaida anaamini klabu na uwanja ni kitu kimoja. Kisheria ni vitu viwili, na kimoja kinaweza kuwekwa rehani kulipia kingine. Gigg Lane ilikuwa mali ya thamani pekee ambayo klabu ilikuwa nayo. Ilipowekwa rehani, ile miaka 130 na zaidi ya watu kununua tiketi, kuchangia majukwaa na kuleta watoto wao pale iligeuzwa kuwa dhamana ya mkopo ambao mashabiki hawakuuliziwa. Na dhana kwamba mmiliki huzama na meli yake si ya uhakika. Mwenye rehani yuko mbele ya kila mtu kwenye foleni, na mmiliki aliyeingiza fedha zake kama mkopo badala ya zawadi anaweza naye kusimama kama mdai wa klabu yake mwenyewe. Unaposikia tajiri ameweka mamilioni kwenye timu, uliza ameyaweka kama nini.

Kilichofuata Bury kinaonyesha vizuri kwamba timu, kampuni, uwanja na nafasi ya ligi ni vitu vinavyoweza kuachana. Kampuni ya zamani iliendelea kuwepo bila ligi, ikawekwa chini ya msimamizi mwaka 2020. Mashabiki, Desemba 2019, walikuwa wameshaanzisha klabu mpya, Bury AFC, inayomilikiwa na wanachama, kila mmoja kura moja. Ilianza daraja la 10 msimu wa 2020/21 ikicheza kwa majirani Radcliffe, kwa kuwa uwanja wao ulikuwa umefungwa. Kundi jingine la mashabiki halikuitambua, likaona Bury ni pale Gigg Lane na si penginepo. Februari 2022 kundi hilo lilifanikiwa kuununua uwanja pamoja na jina na kumbukumbu za klabu, likisaidiwa na mfuko wa serikali wa mali za jamii na wachangiaji binafsi. Sasa mji mdogo ukawa na timu isiyo na uwanja na uwanja usio na timu, na watu waliokuwa wakikaa jukwaa moja hawasalimiani. Kura ya kuunganisha pande hizo Oktoba 2022 haikufikia kiwango kilichotakiwa. Ya pili, Mei 2023, ilifika. Msimu uliofuata timu ikarudi Gigg Lane kwa jina la Bury FC, na mwaka 2025 ikatwaa ubingwa wa ligi yake na kupanda hadi daraja la 8.

Serikali nayo ilichukua hatua, kwa mwendo wake. Novemba 2021 ilitoka ripoti iliyoongozwa na mbunge Tracey Crouch, aliyewahi kuwa waziri wa michezo, ikipendekeza mdhibiti huru wa soka. Tarehe 21 Julai 2025 sheria ya usimamizi wa soka ikakamilika na mdhibiti akaundwa. Klabu itahitaji leseni na mpango wa fedha unaoaminika. Anayetaka kununua atachunguzwa kabla ya kununua, uwezo wake na chanzo cha fedha zake, si baada ya kukabidhiwa funguo. Na klabu haitaweza kuuza uwanja wake au kuutumia kama dhamana bila idhini ya mdhibiti. Ukiweka vifungu hivyo juu ya kisa cha Bury utaona karibu kila kimoja kinaziba shimo lililoonekana pale: mauzo ya pauni moja, ushahidi uliokuja kutafutwa baadaye, rehani ya Gigg Lane.

Mamlaka ya mdhibiti yanaishia daraja la 5. Bury yenyewe, iliyoanza msimu wa 2025/26 ikiwa daraja la 8, italazimika kupanda mara tatu ndipo sheria iliyotokana na anguko lake iifikie. Kwa sasa ulinzi wake ni katiba ya wanachama wenyewe na hesabu wanazosomewa kwenye mkutano wao.